Idhini ya Mguu wa Mzee Mudoma

Nimekabidhi funguo za kabati la dawa, na kijana aliyezipokea alinitaka jambo moja kabla sijatoka getini. Alitaka niandike. Alisema wenzake wa zahanati wanatamani kujua tulivyofanya kazi zamani, "kabla ya glavu", kama alivyosema mwenyewe. Glavu zilikuwapo, mwanangu. Zilikuwa jozi mbili, na tulizifua na kuzianika kwenye kamba kama soksi. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana vyeo vilichelewa na mishahara ikachelewa nyuma yake, na hakuna la kujifunza hapo.

Kwa asiyenijua, mimi ni Wandera, Msamia wa Busia. Nilikuwa dresa wa magereza, yaani askari anayefunga vidonda, anayechoma sindano na anayewapeleka wafungwa hospitali yanapomshinda. Wafungwa waliniita dokta, nami sikuwakataza hata siku moja.

Nilianzia Jinja, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza nilionyeshwa chumba chenye kitanda kimoja, jiko la mkaa, sufuria ya kuchemshia sindano za kioo, koleo la kung'olea meno, na chupa kubwa ya dawa ya zambarau. Dawa hiyo tulipaka kila kitu: upele, kidonda, ufizi, na mara moja mlango, rangi ilipokosekana. Dresa aliyenitangulia alikuwa amekwisha kuhamishwa. Aliniachia kikaratasi ndani ya droo: "Mkasi mzuri ni ule usio na kutu. Hapa hakuna usio na kutu."

Chumba cha jirani kilikuwa masjala, na mwenye masjala alikuwa Sajini Ramadhani. Huyo ndiye aliyenilea kazini. Alikuwa Mnubi. Babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Wengi wetu tulikiokota Kiswahili paredi, lakini yeye alikuwa nacho tangu nyumbani. Alikaa Mafubira, akija kazini kwa baiskeli, suruali ameibana kwa pini ya kuanikia nguo, na pini hiyo aliisahau hapo mguuni hadi saa sita. Kiswahili kibovu kilimuuma kama jino. Askari wetu Wasoga walikuwa wakisimama mlangoni kwake na kusema, "Afande, mimi naomba luhusa kwenda Mafubila." Yeye, bila kuinua kichwa, alijibu, "Mafubila sikujui. Ukipaona, nisalimie watu wake." Kisha anaandika ruhusa, maana hakuwa na roho mbaya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa jino. Aliletwa mfungwa mmoja, mvuvi wa Wanyange aliyefungwa kwa kupigana, shavu limevimba hadi jicho limefumba. Nilichukua koleo, nikagusa jino moja, nikamwuliza, "Ni hili?" Akasema, "Ndiyo, afande." Nikaling'oa. Lilitoka jeupe, zima, na mizizi yake mirefu, na bovu likabaki palepale linanitazama. Nikamwuliza kwa hasira, "Mbona hukusema?" Akatema damu kwenye bakuli, akajibu kwa upole, "Afande, wewe nauliza mimi na koleo iko mkononi. Mimi nasema nini?"

Ramadhani alicheka nusu saa. Lakini baadaye alikuja akakaa kwenye kitanda changu, akaniambia jambo ambalo nawaachieni kama chombo cha kazi. Ukitaka kumwuliza mgonjwa swali la kweli, rudisha koleo kwenye sufuria kwanza, ukae, ndipo uulize. Nililishika kwa habari za meno tu. Ilinichukua miaka kujua kwamba linahusu hata miguu.

Mwaka huohuo likatokea jambo la fomu. Hospitali ilikuwa inalalamika kwamba wafungwa wetu wanafika kwenye upasuaji bila kujua wametia kidole kwenye nini, kwa kuwa fomu ilikuwa ya Kiingereza. Ofisa mkuu wa gereza akaamuru itafsiriwe kwa Kiswahili, kwa sababu wafungwa walikuwa Waacholi, Wateso, Wasoga, Wagisu, na lugha waliyokuwa nayo wote ndiyo hiyo, wapende wasipende. Kazi akapewa Ramadhani. Akaniita nikae naye mezani, stensili mpya imewekwa kwenye taipu, tukaanza na kichwa cha habari.

Mimi nilisema tuandike "Ruhusa ya Upasuaji". Akakataa. "Ruhusa ni kulegezewa," alisema. "Neno hilo na rahisi ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye nguvu anamlegezea mnyonge kamba. Sasa hapa nani anamwomba nani? Serikali yote, na daktari wake na kisu chake, inamwomba mfungwa. Mfungwa ndiye bwana wa mwili."

Nikasema basi tuandike "Kibali". Akafikiri kidogo. "Kibali si kibaya. Kinatokana na kukubali. Lakini kukubali mtu anaweza akiwa amefumba macho. Wewe ulipoajiriwa hukukubali viatu visivyokutosha?" Nilikuwa nimevivaa wakati huo, nikavificha chini ya meza.

Ndipo akaandika idhini. Neno hilo, askari wetu wengi hawakuwa wamelisikia. Kwetu kila kitu kilikuwa luhusa. Nikamwuliza lina tofauti gani, akaniambia alivyofundishwa madrasa alipokuwa mdogo. Kwa Kiarabu, maneno ya idhini na sikio yametoka kwenye mzizi mmoja, na adhana pia imetoka hapohapo, kwa kuwa adhana ni ya kutiwa masikioni mwa watu. "Zamani zao huko, kumpa mtu idhini kulikuwa ni kumtegea sikio," alisema. "Umesikia, umeelewa, ndipo unasema haya. Asiyesikia hana idhini ya kutoa, hata akitia vidole vyote kumi."

Nikamwuliza, "Sikio la nani, Afande? La anayeomba au la anayetoa?"

"La wote wawili," akasema. "Ndiyo maana ni neno zito. Andika."

Sikumwamini sana. Nilidhani anajipambia kazi, kama makarani wanavyopenda. Miaka mingi baadaye nilimwuliza shehe mmoja wa Mbale, akaniambia mzee hakukosea, mzizi ni mmoja. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kulijua neno hilo kwa njia nyingine, nayo ndiyo hasa nataka kuwaelezeni.

Katikati ya miaka ile nilihamishiwa Mbale. Nyumba za askari zilikuwa zimejaa, nikapanga chumba Namatala, kati ya mama mpika pombe na fundi wa masufuria, na usingizi nikauzoea bila kuupata. Zahanati ya huko ilikuwa na vitanda vitatu. Nilijiona nimepanda cheo, ingawa nimeahidi kutosema habari za vyeo.

Mzee Mudoma aliletwa kwangu akiwa na kidonda cha jembe kwenye wayo wa mguu wa kushoto. Alikuwa Mgisu wa huko juu mlimani, upande wa Wanale, mtu mrefu, mkavu, wa miaka sitini na kitu, asiyesema. Alifungwa kwa kukata kahawa ya mdogo wake, Wamimbi. Walikuwa wamegombea ukanda wa shamba, upana wa hatua chache tu. Asubuhi moja Mudoma akaingia na panga akaikata mikahawa yote ya mpakani. Kortini hakujitetea. Alisema ni kweli amekata, akakaa.

Kidonda kilikuwa kidogo tu, lakini mzee alikuwa na kisukari na hakuna aliyejua, hata yeye. Nilisafisha kidonda, nikapaka zambarau, nikafunga. Kila siku nilimwuliza kwa Kiswahili, "Mzee, inauma?" Naye kila siku alijibu, "Hapana, afande." Kumbe ganzi ya kisukari ilikuwa imekwisha kuula mguu. Siku vidole vilipogeuka vyeusi, na harufu ikajaa chumba, nilimpakia kwenye pikapu nikampeleka hospitali.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, Mgisu, Daktari Nambozo. Alikuwa mfupi na mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alibonyeza mguu, akanusa, akasema, "Huu unakatwa. Chini ya goti, kama ni kesho." Akanipa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini mimi nilikuwa na nakala za Ramadhani mfukoni, nimetoka nazo Jinja, na nilijisikia mtaalamu.

Nilisimama kando ya kitanda, koti la kaki nimelifunga vifungo vyote, nikamsomea. "Mzee Mudoma, umesikia? Mguu utakatwa ili upone. Unatoa idhini?" Akasema, "Ndiyo, afande." Nikamwuliza tena, akasema, "Ndiyo, afande." Mara ya tatu nikaona ya nini, nikachukua dole gumba lake, nikalichovya kwenye wino, nikaligandamiza. Mimi ndimi niliyegandamiza. Yeye aliuacha mkono tu, kama mtu anayepekuliwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye korido nikisubiri, mara Daktari Nambozo akatoka chumba cha upasuaji, buti za mpira miguuni, fomu yangu mkononi.

"Nani alimpigisha huyu mzee dole hapa?"

"Mimi, dokta."

"Mwenyewe anasema hapana. Nimemsalimia tu kwa lugha yetu, mulembe papa, yaani amani, baba, nikamwuliza kama yuko tayari. Akanishika mkono akasema, mwanangu, usiniache wanikate."

"Alisema ndiyo, dokta. Mara mbili."

"Ulimwuliza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Na ulikuwa umevaa nini?"

Nikajitazama. Kaki ileile. Alinieleza polepole, bila kunigombeza, na hapo ndipo niliona aibu zaidi. Mzee alimwambia kwamba Kiswahili alikutana nacho barabarani, miaka ile ya wanajeshi, kikamwamuru alale kifudifudi kwenye tope yeye na ng'ombe wake. Tangu siku ile, kikija na kaki, yeye hujibu ndiyo, afande, chochote kiulizwe. Ungemwuliza kama anakubali kunyongwa, angejibu vilevile. Hata ile "hapana, afande" ya kila siku kuhusu maumivu haikuwa habari za mguu. Lilikuwa jibu aliloona mimi nalitaka.

"Sikati mtu aliyesema hapana," daktari akasema. "Lakini anakataa kwa sababu moja tu. Anauliza mguu utakwenda wapi. Amesikia kwamba hapa inachomwa kwenye tanuri pamoja na takataka. Anasema uzikwe kwao, na mdogo wake aulizwe. Nenda kamtafute huyo mdogo. Nakusubiri hadi Ijumaa. Leo ningekata chini ya goti. Ijumaa, sikuahidi goti."

Ilikuwa Jumanne. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii asiyesikia alikuwa mimi, na guu lilikuwa la mwenzangu.

Jumatano nilipanda lori la kahawa hadi lilipokomea, kisha nikapanda mlima kwa miguu. Wamimbi nilimkuta shambani. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi kwa asili, lakini aliponiona na kaki uso ukafunga. Alikuwa akiwauzia Wakenya kahawa, kwa hiyo Kiswahili tuliongea bila mkalimani. Nikamweleza: kaka yako anaoza mguu, usipokatwa atakufa, naye hakubali ukatwe mpaka uahidi kwamba mguu utazikwa kwenye ardhi yake.

Mwone mjinga. "Kwenye ardhi yake." Maneno hayo niliyatoa kichwani mwangu.

Wamimbi aliweka jembe chini. "Hapo ndipo ananitafuta," akasema. "Wewe hujui mambo yetu, dokta. Mguu wa mtu ukilala kwenye ule ukanda, kesho watoto wake watakuja waseme hapa ndipo papa alipo. Kaburi ni kaburi, hata la nusu mtu. Korti gani itawatoa? Alishindwa kwa panga, sasa anakuja kwa mguu."

Nilimbembeleza, nikamwambia kaka yako atakufa. Akasema, "Mimi sikumkata." Lakini alinikaribisha nyumbani, mkewe akanipakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga na ndizi za moto, nikala nikashiba, akanisindikiza hadi barabarani, na bado akakataa. Nimekataliwa na watu wengi katika kazi hii. Hakuna aliyenikataa vizuri kama yule.

Niliporudi hospitali jioni hiyo, mguu ulikuwa umebadilika hadi juu ya kifundo. Nilikuwa na hasira, na sijui kwa nani. Nilitaka kumfokea mzee kwamba ukaidi wake utamwua. Nikaona pingu iliyomfunga kwenye chuma cha kitanda, nikamwomba koplo wa zamu aifungue. Koplo akasema sheria hairuhusu. Nikamwambia, "Mtu huyu atakimbia kwa mguu upi?" Akaifungua. Nikavua kofia, nikavua na lile koti la kaki, nikabaki na fulana yenye tundu begani. Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja Mgisu aliyekuwa anamwuguza mjukuu wake. Nikamwomba anisemee. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia, kichwa changu kikawa chini ya cha mzee.

"Mwulize," nikamwambia bibi, "anataka mguu uzikwe mahali gani hasa."

Mzee alinitazama kama mtu anayenifahamu kwa jina tu na sasa ndipo ananiona. Kisha akasema maneno machache. Bibi akageuka. "Anasema, kando ya mama yao."

"Mama yao yuko wapi?"

"Kwa Wamimbi. Uani kwake, nyuma ya jiko."

"Si kwenye ule ukanda wa kahawa?"

Bibi alipomfikishia swali hilo, mzee akasema kwa muda mrefu kidogo, na bibi akawa anafuta macho huku akitafsiri. "Anasema, ule ukanda kuna nini? Mawe matupu. Anasema, ningetaka uzikwe kwangu, ningemwuliza nani? Kwangu ni kwangu. Nilisema Wamimbi aulizwe kwa sababu mama yuko kwake, na mimi kwake sina njia ya kuingia tena, kwa lile nililofanya. Wanasema nitakufa. Nikifa watanizika walio hai wanapotaka. Lakini mguu huu unakufa mimi nikiwepo. Nataka niuombee mahali kwa kinywa changu."

Siku mbili. Siku mbili alikuwa akisema jambo hilohilo, na mimi nilikuwa nimelibeba hadi mlimani likiwa limepinduka. Sitasahau nilivyojisikia nikiwa nimekaa juu ya ile ndoo. Ningekuwa nimemwuliza mahali, neno moja tu, goti lake lingebaki. Watu wananiambia niliokoa maisha ya mtu. Mimi nahesabu goti.

Alhamisi alfajiri nilipanda tena. Safari hii nilikwenda na shati la nyumbani. Wamimbi alikuwa akipalilia, na aliponiona alianza kutikisa kichwa kabla sijafika. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi. Jana nilikuletea maneno yangu nikasema ni ya kaka yako. Yeye hakutaja ule ukanda. Anaomba nafasi ya mguu kando ya mama yenu, uani kwako. Anasema pale ni kwako, kwa hiyo uamuzi ni wako."

Jembe likabaki hewani. Akalishusha polepole.

"Alisema Mayi? Mama yetu?"

"Alisema Mayi."

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti na viatu, akamwambia mkewe jambo, tukashuka mlima. Njia nzima hakuongea, na mimi, kwa mara ya kwanza wiki ile, nilikuwa na akili ya kutomwuliza.

Kitandani alisimama miguuni pa kaka yake. Harufu ilikuwa kali, lakini hakuziba pua. Mudoma alitazama ukuta. Wamimbi akasema maneno mawili matatu, na yule bibi, ambaye sasa alikuwa mmoja wetu, akaninong'oneza, "Anasema kahawa inachipua."

Mudoma akajibu bila kugeuka. "Anasema, najua. Niliikata juu, sikuikata shinani."

Kisha Wamimbi akakaa kwenye ile ndoo yangu. Wakaongea taratibu, na bibi hakutafsiri tena, nami sikumwomba. Daktari Nambozo alipokuja aliisoma fomu ya Ramadhani kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu, sentensi moja moja, akisimama kila mara ili mzee aseme alichosikia. Mzee alirudia yote. Alipofika kwenye goti, daktari alimweleza kwamba sasa litakwenda. Mzee akanitazama, akatazama goti, akaitikia kwa kichwa. Dole alilichovya mwenyewe. Aliligandamiza sana hadi karatasi ikaloa.

Ijumaa asubuhi akakatwa, juu ya goti. Alitoka salama.

Mguu niliupokea mimi, umefungwa pamba na kitambaa, nikautia kwenye kasha la mbao lililokuja na miche ya sabuni. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Wamimbi alikuwa amenunua shuka jeupe jipya sokoni, akaufunika mwenyewe. Jumamosi ofisa mkuu akatupa pikapu hadi barabara ilipokomea, na kutoka hapo tulibeba kasha kwa zamu, yeye na mimi. Tulipokutana na watu njiani, walivua kofia. Hakuna aliyeuliza ni nani, maana habari zilikuwa zimetutangulia.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kaburi la mama yao, limepangwa mawe na kupandwa maua mekundu. Nilidhani Wamimbi atachimba shimo popote karibu, tuweke kasha, tuombe, tuondoke. Alichukua jembe, akaanza, akasimama. Akazunguka kaburi akipima kwa macho. Akarudi. Akanitazama.

"Ni mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Ukiwekwa vibaya," akasema, "siku akija kulala hapa yeye mwenyewe, utamkuta kifuani."

Akaliweka jembe chini. Akavua koti, akalala chali kwenye nyasi, kando ya mama yake, kichwa chake sawa na kichwa cha kaburi, mikono ubavuni, miguu imenyooka. Mkewe akashika mdomo. Kwetu Busia, mtu mzima kulala namna hiyo penye kaburi ni kuita msiba, na nadhani kwao pia, maana hakuna aliyepumua.

"Dokta," akasema akiwa palepale, macho juu mawinguni, "weka alama kwenye kisigino changu. Cha kushoto."

Nilichukua kijiti nikapiga mstari. Wamimbi hakuamka mara moja. Alilala pale kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji, na jicho lake moja likachuruzika upande wa sikio, naye hakulifuta. Kisha akaamka, akajipangusa nyasi, akachimba penye alama. Hakumpa mtu mwingine jembe.

Jumatatu nilimkuta Mudoma amekaa, ameegemea mto, anakunywa uji. Nilivua kofia, nikachukua ndoo, nikakaa, bibi akavuta stuli yake. Nikamweleza yote: shuka jeupe, watu waliovua kofia, maua, na jinsi mdogo wake alivyojilaza kando ya mama ili nimpime kisigino.

Mzee akaweka kikombe chini. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni kilio, nikainuka nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakuwa tena ya kicheko. Kisha akanigeukia mimi, si bibi, akaniambia kwa Kiswahili, cha kwanza alichowahi kunisemea bila afande ndani yake.

"Ile Wamimbi ni mufupi. Mimi napita yeye vidole vinne." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini hakuna neno. Siku mimi nafika, mimi nitajikunja kidogo."